Vipele baada ya dawa: je, mtoto ana mzio wa antibiotiki?

Wazazi na walezi wanahimizwa wasiharakishe kusema mtoto ana mzio kila anapotokwa na vipele akiwa kwenye dozi ya antibiotiki, na pia wasipuuze dalili za hatari. Kukosea upande wowote kunaweza kumgharimu mtoto.

Antibiotiki ni dawa za kutibu maambukizi ya bakteria. Inayofahamika zaidi na wazazi ni amoksilini, ya jamii ya penisilini, ambayo ndiyo dawa ya kwanza ya nimonia kwa watoto. Mzio hutokea kinga ya mwili inapoiona dawa kama adui na kuishambulia. Mtoto aliyewahi kuitumia bila shida anaweza kupata mzio baadaye.

Si kila shida ni mzio

Kuharisha au kichefuchefu mara nyingi ni athari za kawaida za dawa. Vipele vidogo vinavyojitokeza siku kadhaa baada ya kuanza dozi huenda vikaletwa na virusi vilivyomuuguza mtoto. Ukiviona, naye anacheza na kupumua vizuri, rudi kituoni upate ushauri kabla ya dozi inayofuata.

Nchini Marekani, takriban mtu 1 kati ya 10 ameandikiwa kwamba ana mzio wa penisilini. Wanapopimwa, zaidi ya 9 kati ya 10 wa hao hupatikana wanaweza kuitumia salama.

Dalili za hatari

Acha kumpa dawa na umkimbize mtoto hospitalini mara moja ukiona:

• anapumua kwa shida au kifua kinatoa mlio;
• midomo, ulimi au uso umevimba;
• vipele vilivyovimba na kuwasha vimetokea ghafla, hasa akiwa anatapika pia;
• amelegea au amezirai;
• ana malengelenge, ngozi inababuka, au ana vidonda mdomoni na macho mekundu. Haya yanaweza kuanza siku nyingi baada ya dozi ya kwanza.

Mzio mkali hutibiwa kwa sindano ya adrenalini pajani. Usipoteze muda kumpa maziwa au dawa za kienyeji.

Kwa nini rekodi ni muhimu

Mtoto aliyeandikiwa mzio asio nao hunyimwa dawa inayomfaa. Hupewa nyingine ambayo huenda ni ghali zaidi au ina madhara zaidi, na matumizi ya dawa hizo huchangia bakteria kuwa sugu. Naye mwenye mzio wa kweli usioandikwa popote anaweza kupewa dawa hiyo tena.

Kwa hivyo, hifadhi pakiti ya dawa, piga picha ya vipele kwa simu, na ukumbuke vilianza saa ngapi baada ya dozi. Muombe mhudumu aandike jina la dawa na kilichotokea katika kijitabu cha Mama na Mtoto. Wajulishe pia walimu na yeyote anayekusaidia kulea. Usimjaribishe mtoto dawa hiyo nyumbani. Upimaji hufanywa na mtaalamu.

Mafua huletwa na virusi, na antibiotiki hazitibu virusi. Usinunue dawa hizi bila maagizo ya daktari, wala usimpe mtoto mabaki ya dozi ya ndugu yake.

Ukiwa na swali, muone mhamasishaji wa afya ya jamii kijijini mwako au ufike katika zahanati iliyo karibu.