Vitabu vya Hadithi Tuvitazamiavyo

Wapo wazee hapa Rubafu wasikitikao wamwonapo kijana ameinamia kitabu cha hadithi, wakidhani apoteza wakati. Sisi twaona yapasa kwanza kuuliza: hadithi hiyo yafunza nini? Mwenyezi Mungu Mwenyewe, mwanzoni mwa Surat Yusuf, ametujulisha kwamba atusimulia visa vilivyo bora.

Basi kiko kitabu tukitazamiacho kwa hamu, nacho ni "Peponi" cha Abdulrazak Gurnah, mzaliwa wa Unguja aliyepewa Tuzo ya Nobel mwaka 2021. Alikitoa kwa Kiingereza mwaka 1994. Bibi Ida Hadjivayanis akakifasiri, na Mkuki na Nyota wa Dar es Salaam wakakichapa mwaka 2022. Miaka 28 kilikaa ugenini kabla ya kusema lugha yetu! Kijana wake naye aitwa Yusuf. Babaye amtoa kwa tajiri Aziz kwa sababu ya deni, kisha afuata misafara ya biashara kwenda bara, kabla ya Vita Kuu ya Kwanza. Twataka kuona wapi kisa hiki chafuatana na kile cha Qur'ani, na wapi chaachana nacho.

Baada yake twatazamia "Theft" cha mwaka 2025, kwa wajuao Kiingereza.

Enyi wazazi, msikimbilie kukataza. Mzazi na asome kwanza, kisha asome na mwanawe baada ya Isha, waulizane: Je, ni haki mtoto kulipa deni la babaye? Nakala moja ikifika kwetu, inshallah, na ipite nyumba kwa nyumba.