Alama Mpya na Maneno ya Watu

Mwaka 2007 mji wa London ulitoa alama ya michezo ya Olimpiki ya 2012. Iligharimu pauni 400,000. Watu walichukizwa, maelfu walitia sahihi wakitaka ifutwe. Haikufutwa, na mwisho wake watu wakaisifu michezo yenyewe.

Mwaka 2023 Kenya, Uganda na Tanzania zilipewa Kombe la Afrika la 2027, zikiwa zimeliomba kwa jina la Pamoja. Alama yake tuipende tusiipende, kazi yetu ni jina hilo. Mgeni akivuka mpaka wa Sirari, tumpokee kama ndugu. Hata msalaba ulikuwa alama ya aibu; Aliyeubeba ndiye aliyeupa heshima.