Fahamu: Bawa lisilo na mkia hutuliaje angani?
Bawa linaloruka ni ndege isiyo na mkia wala kiwiliwili. Betri na mzigo hukaa ndani ya bawa lenyewe. Ndege ya Dash 8-Q400 inayotua Kamembe, wilayani Rusizi, hutulizwa na mkia wenye umbo la T: pua ikiinuka, mkia huirudisha. Bawa tupu hujitafutia utulivu.

Kwanza ni uzito. Kitovu chake husogezwa mbele, ili upepo unapoinua pua, nguvu inayoongezeka isukume juu sehemu ya nyuma na pua ishuke. Ila pua nzito peke yake ingepiga mbizi. Kwa hiyo ukingo wa nyuma hukunjwa juu kidogo, au ncha za bawa lililoelekea nyuma hupindwa zitazame chini, zifanye kazi ya mkia. Haya si ya bure: bawa hupoteza sehemu ya nguvu ya kuinua.

Vibao viwili vya ukingo wa nyuma ndivyo usukani. Vikipanda pamoja, pua huinuka. Vikipishana, chombo hulala ubavu.

Droni za eBee, zilizopiga picha za ramani ya Zanzibar kuanzia 2016, ni za aina hii: povu jepesi, upana wa takriban mita moja, hurushwa kwa mkono.

Anayetaka kuthibitisha akunje bawa la karatasi, abane kibanio puani, alirushe. Kisha akiondoe kibanio, alirushe tena: litabingirika.