Buluu Iliyojengwa kwa Weusi na Hewa

Msomaji anauliza: je, chozi wanaofyonza maua uani kwetu ndio ndege wavumaji wa kwenye filamu? Hapana. Ndege wavumaji wote wanaishi Amerika. Kufanana kwao na chozi kumeletwa na kazi moja ya kunywa nekta, si udugu. Mmoja wao, Florisuga mellivora, nitamkawilia kwa sababu ya rangi yake.

Ana urefu wa sentimita 12 hivi. Makazi yake ni misitu yenye unyevu ya nyanda za chini, kuanzia kusini mwa Meksiko hadi Bolivia na Brazili, na hushinda vileleni mwa miti. Dume ana kichwa cha buluu, mgongo wa kijani, baka jeupe kisogoni, na tumbo na mkia mweupe.

Buluu hiyo si rangi ya kupakwa. Usage unyoya wake, utabaki na vumbi jeusi. Ndani mna melanini, ileile inayotia nywele zetu weusi, imefungwa katika vijipande ninavyoviita chembe bapa. Nashikilia neno bapa kwa kuwa ubapa ndio unaofanya kazi. Fikiria rundo la chapati nyembamba mno, kila moja ikiwa na vipovu vya hewa katikati. Mwanga ukigonga chapati ya juu, sehemu yake hurudi. Nyingine hupenya hadi ya pili, ikarudi, hadi ya tatu, ikarudi. Mawimbi hayo yakikutana nje, yanayokwenda sambamba hupeana nguvu, yanayopishana hufutana. Mpishi akinenepesha chapati kidogo tu, buluu husogea kuelekea kijani. Akizidisha, hufika kwenye wekundu. Akiliinamisha rundo, rangi hugeuka au huzimika, ndiyo maana kichwa cha ndege huyu huweza kuonekana cheusi akikigeuza. Na mpishi hakutia hata tone la rangi!

Buluu hii hulisha. Mwaka 2021, Jay Falk na wenzake waliripoti kutoka Gamboa, Panama, kwamba karibu jike mmoja kati ya watano ana sura ya dume. Wachanga wote huanza nayo. Majike wengi huiacha wakikomaa. Ndege waliokaushwa walipowekwa penye vyombo vya maji ya sukari, wenye sura ya kawaida ya jike walisumbuliwa zaidi. Nao majike hai wa buluu walivitembelea vyombo hivyo mara nyingi zaidi, wakanywa kwa muda mrefu zaidi kuliko wenzao wa kijani.