Malungu ya Ufipa: Hukumu ya Kuhifadhi Majengo ya Kale na Wajibu wa Halmashauri

Shukrani zote njema anastahiki Allah (S.W.), na rehma na amani zimfikie Mtume wetu Muhammad (s.a.w.), jamaa zake na Sahaba zake.

Ama baada ya hayo. Katika uwanda wa juu wa Ufipa, mkoani Rukwa, yangali yamesimama baadhi ya malungu, yaani matanuri marefu ya udongo ambamo Wafipa waliyeyushia mawe ya chuma. Ilungu moja lilifikia kimo cha mita 3 hivi, na lilivuta hewa lenyewe kupitia mirija ya udongo, bila mivukuto. Chuma kilichotoka kilisafishwa katika tanuri dogo liitwalo kintengwe, kisha kikafuliwa majembe. Kazi hiyo ilikoma katika karne ya 20, majembe ya viwandani yalipoenea. Sasa mvua, mizizi na kilimo vinayamaliza matanuri hayo kidogo kidogo.

Huulizwa: je, yafaa Muislamu aunge mkono hifadhi yake, ilhali uyeyushaji ule uliambatana na dawa na matambiko?

Tunasema: jengo ni kitu kimoja na ibada batili ni kitu kingine. Amr bin Al-As (r.a.) alipoifungua Misri, katika karne ya kwanza ya Hijra, Sahaba waliyakuta mapiramidi wakayaacha, kwa kuwa hapakuwa na aliyeyaabudu. Naye At-Tahawi amepokea kutoka kwa Ibn Umar (r.a.) kwamba Mtume (s.a.w.) alikataza kuzibomoa ngome za Madina kwa kuwa ni pambo la mji, ingawa wanazuoni wana maneno katika sanadi yake. Na Suratur-Rum, aya ya 9, inatuelekeza tuutazame mwisho wa waliotutangulia, waliolima na kujenga. Basi kinachozuiwa ni kulitukuza tanuri, kulipelekea sadaka au kuliomba. Kulihifadhi kwa ajili ya elimu na mazingatio kunafaa.

Ni nani mwenye jukumu hilo? Imam Al-Mawardi, mwanachuoni wa Kishafii aliyefariki mwaka 450 Hijria (1058), ameeleza katika mlango wa hisba kwamba ukuta wa mji, maji yake na misikiti yake vikiharibika, matengenezo hutoka Baitul-mal. Ikiwa haina kitu, jukumu huwaangukia wenye uwezo katika watu wa mji. Hakuyataja matanuri, lakini utaratibu wake unatufaa kwa mali yoyote ya umma. Leo nafasi hiyo ya kwanza ni ya halmashauri za Sumbawanga, Nkasi na Kalambo. Sheria za Serikali za Mitaa za mwaka 1982 zinazipa uwezo wa kutunga sheria ndogo, na Sheria ya Mambo ya Kale ya mwaka 1964 inampa waziri uwezo wa kulitangaza jengo kuwa kumbukumbu inayolindwa.

Hata hivyo, mkulima ambaye ilungu limo shambani mwake asidhulumiwe. Kanuni ya fiqhi ni kwamba madhara hayaondolewi kwa madhara mfano wake. Akizuiwa kulima sehemu yake, alipwe fidia.

Kwa hiyo tunawausia maimamu wa Ufipa walifikishe jambo hili kwa madiwani na katika mikutano ya vijiji. Waislamu huko si wengi, lakini amana ya mji ni ya wakazi wake wote. Asiye na mali ana mikono ya kung'oa mti unaoota juu ya tanuri. Udongo ukishaporomoka, hakuna sheria ndogo itakayousimamisha tena.

Wallahu a'lam.