Tumbo Limejaa Lakini Ng'ombe Ana Njaa: Msomi wa Lishe ya Mifugo Ana Kazi Gani Kijijini?



Vikundi vingi vinavyosoma gazeti hili ni vya wafugaji. Wengine mmenunuliana ng'ombe wa gredi kwa zamu, wengine mna mbuzi wa maziwa, wengine mna ng'ombe wa kienyeji tu. Na swali ni lile lile: "Mbona ng'ombe anakula na maziwa yanapungua?"

Katika makala haya tunataka kueleza kazi ya watu wanaolisomea swali hilo mpaka shahada ya pili na ya tatu. Wako wanaosema, "Ati mtu anakaa chuo kikuu miaka na miaka kusomea majani ya ng'ombe? Si babu zetu walifuga bila shahada?" Ni kweli walifuga, tena vizuri. Lakini babu alikuwa na malisho mapana na ng'ombe aliyezoea jua. Leo wengi wetu tuna ekari moja au mbili, ng'ombe anayetaka kula sana, na mvua isiyoaminika. Zaidi ya nusu ya gharama ya kufuga ng'ombe wa maziwa huenda kwa chakula. Tukikosea hapo, karo ya watoto inakosekana.

NG'OMBE HALI PEKE YAKE

Jambo la kwanza ambalo msomi wa lishe ya mifugo hufundishwa ni hili: ukimlisha ng'ombe, unalisha kwanza vijidudu wadogo sana walio tumboni mwake. Tumbo la kwanza la ng'ombe ni kama pipa kubwa. Ndani yake wamo vijidudu wengi wasiohesabika, wasioonekana kwa macho. Hao ndio wanaovunja nyasi na mabua, kitu ambacho tumbo la binadamu haliwezi. Ng'ombe anapocheua, anawasagia hao chakula.

Sasa vijidudu hao nao wana mahitaji yao. Wanataka protini. Wataalamu wamepima na kuona ya kwamba chakula kikavu kikiwa na protini chini ya sehemu 7 katika kila 100, vijidudu wanadhoofika. Nyasi zinakaa tumboni muda mrefu bila kuvunjwa. Tumbo linabaki limejaa, na ng'ombe hana nafasi ya kula zaidi. Mwenyewe unamwona ametulia, unasema ameshiba. Kumbe ana njaa! Mwili unajila wenyewe, maziwa yanakauka, na joto la kutaka dume halionekani kwa miezi.

Mabua ya mahindi tunayolisha wakati wa kiangazi mara nyingi yana protini 4 au 5 katika 100. Nepia iliyoachwa ikakomaa sana nayo hushuka vibaya. Ndiyo sababu tunaambiwa tukate nepia ikiwa na urefu wa mita moja hivi, wala si ikishampita mtu kichwa.

HEBU TUFANYE HESABU NDOGO

Tuchukue ng'ombe wa kilo 400. Kwa siku anaweza kula chakula kikavu kama kilo 12. Kikavu maana yake ni uzito unaobaki maji yakiondolewa. Nepia mbichi ni maji mengi. Katika kilo 5, kavu ni kama kilo 1 tu. Kwa hiyo kumpa kilo 12 za chakula kikavu kwa nepia peke yake, lazima ukate kilo 60 kila siku. Nani kati yetu amewahi kupima mzigo wake?

Tuseme ni kiangazi na nepia imeisha. Ng'ombe anapewa mabua matupu, kilo 12, yenye protini 4 katika 100. Anapata gramu 480 za protini. Hiyo ni 4 katika 100, chini ya kipimo cha 7.

Sasa punguza mabua yawe kilo 10, halafu ongeza kilo 6 za majani mabichi ya kaliandra. Hizo kilo 6 zikikauka ni kama kilo 2, na kaliandra ina protini kama 24 katika 100. Mabua yanatoa gramu 400, kaliandra inatoa gramu 480. Jumla ni gramu 880 katika kilo 12. Tumepita 7! Vijidudu wamepata chakula, na hata yale mabua yanaliwa vizuri zaidi. Hakuna gunia lililonunuliwa.

Ng'ombe anahitaji pia vitu vya kumpa nguvu, madini na maji ya kutosha, kwa hiyo hesabu hii siyo yote. Lakini kazi ya lishe ya mifugo ndiyo hiyo: kutafuta kilichopungua, na kukijaza kwa bei ambayo mfugaji anaweza.

WANAJUAJE HAYA YOTE?

Msomi hawezi kutazama jani na kusema lina protini kiasi gani. Analikausha, analisaga, na kulipima katika maabara. Kwa protini anapima nitrojeni, halafu anazidisha kwa 6.25. Njia hiyo ya kupima nitrojeni ilitolewa na Johan Kjeldahl wa Denmark mwaka 1883, na mpaka leo inatumika.

Lakini kujua kilichomo katika jani hakutoshi. Lazima ijulikane kama tumbo linaweza kukitoa. Kwa hiyo yako maabara yenye ng'ombe aliyefanyiwa upasuaji na daktari wa mifugo, akawekewa tundu lenye kifuniko ubavuni upande wa kushoto. Majani yaliyosagwa hutiwa katika mfuko mdogo wa nailoni na kuingizwa ndani. Baada ya saa kadhaa mfuko hutolewa, huoshwa, na kupimwa ni kiasi gani kimeliwa na vijidudu.

Kazi ya siku hizi ni pamoja na kupima hewa inayotoka mdomoni mwa ng'ombe akiteuka. Hewa hiyo, methani, huongeza joto la dunia. Lakini pia ni hasara ya mfugaji: kati ya sehemu 2 na 12 za kila 100 za nguvu iliyokuwa katika chakula hupotea hivyo. Ng'ombe anayelishwa vibaya hutoa hewa nyingi kwa kila kikombe cha maziwa. Hapa Nairobi, taasisi ya utafiti wa mifugo ya kimataifa, ILRI, ina vyumba maalum vya kupimia hewa hiyo, kwa ng'ombe wetu wenyewe, na si kwa kukisia kutoka Ulaya.

MFANO KUTOKA EMBU

Miaka ya 1990 watafiti wa kilimo, wa misitu na wa kilimo-mseto walifanya kazi pamoja Embu. Waliona wafugaji wanashindwa na bei ya chakula cha gunia cha ng'ombe wa maziwa, kile tunachokiita deri mili. Wakajaribu kaliandra, mti mdogo wenye asili yake Amerika ya Kati. Jambo zuri ni kwamba majaribio mengi yalifanyika katika mashamba ya wakulima. Wakulima ndio waliochagua mahali pa kupanda: kwenye ua, kando ya makinga maji, chini ya miti mikubwa.

Matokeo yalikuwa haya. Kilo 3 za kaliandra mbichi zinafanya kazi karibu sawa na kilo 1 ya deri mili. Miti kama 500 inatosha kumpa ng'ombe mmoja kilo 6 kwa siku mwaka mzima. Miti 500 inasikika mingi, lakini ikipandwa kama ua haimalizi shamba. Ikaonekana tena ya kwamba majani ni bora yakilishwa mabichi, maana yakikaushwa tumbo haliyavunji vizuri vile. Habari ndogo kama hiyo huokoa kazi nyingi, na haijulikani bila mtu kupima.

Jambo lingine lililopimwa Kenya ni namna ya kugawa deri mili. Wengi wetu hutoa kilo 2 kila siku tangu ng'ombe azae mpaka akauke. Lakini ng'ombe huwa na nguvu kubwa ya kutoa maziwa katika miezi mitatu ya kwanza. Magunia yale yale, yakitumika zaidi miezi hiyo ya kwanza, yanaleta maziwa zaidi. Angalizo: ongeza polepole, na nyasi ziwepo za kutosha, la sivyo tumbo litachacha na ng'ombe ataugua.

NJIA YA MASOMO

Mtu hafiki huko kwa siku moja. Kijana anayefaulu vizuri sekondari, hasa katika baiolojia, kemia na hesabu, huenda chuo kikuu kusomea kilimo au ufugaji kwa shahada ya kwanza, kama miaka minne. Asiyefikisha alama aanze na cheti au diploma ya mifugo, halafu apande ngazi. Wengi wamepita huko.

Shahada ya pili kwa kawaida ni miaka miwili. Mwaka wa kwanza ni wa darasani: lishe ya wanyama wanaocheua na wasiocheua, kemia ya mwili, upimaji wa vyakula, na hesabu za utafiti. Mwaka wa pili ni wa utafiti wenyewe, na kuandika tasnifu. Shahada ya tatu ni miaka mitatu au zaidi, na kazi yake ni kugundua jambo ambalo halijajulikana. Hapa kwetu masomo haya yako Chuo Kikuu cha Nairobi, kule Kabete, na Chuo Kikuu cha Egerton, kule Njoro. Majirani zetu wana Makerere huko Uganda na Sokoine huko Morogoro, Tanzania.

Karo ni kubwa, tusidanganyane. Lakini iko misaada. RUFORUM, umoja wa vyuo vikuu vya Afrika ulioanza mwaka 2004, hutoa fedha za utafiti zinazomtaka mwanafunzi afanye kazi pamoja na wakulima. Shirika la DAAD la Ujerumani limesomesha Waafrika wengi katika vyuo vya Afrika yenyewe. ILRI nayo hupokea wanafunzi kufanya utafiti chini ya wataalamu wake. Kijana aulize chuoni mapema.

KUKOSA UJUZI KUNA GHARAMA

Mwaka 2004 watu 125 walikufa katika sehemu za mashariki ya Kenya kwa kula mahindi yenye aflatoksini, sumu ya ukungu. Tangu hapo wengi wetu tunaogopa kula mahindi yaliyooza. Lakini tunafanya nini nayo? Tunampa ng'ombe! Msomi wa lishe atakwambia ya kwamba sehemu ya sumu hiyo hupita mwilini na kutokea katika maziwa, na kuchemsha hakuiondoi. Anayekunywa maziwa hayo ni mtoto wako. Mahindi yenye ukungu yasilishwe ng'ombe wa maziwa.

Tena tukumbuke ukame ulioanza mwaka 2020, mvua zilipokosekana misimu mitano mfululizo. Zaidi ya mifugo milioni 2 walikufa Kenya, wengi kwa njaa. Yusufu kule Misri alitumia miaka ya shibe kujiandaa kwa miaka ya njaa. Nasi tunahitaji watu wanaojua kuhesabu akiba ya nyasi kabla kiangazi hakijaingia.

MWANAFUNZI AKIJA KWENU

Siku moja mwanafunzi wa shahada ya pili anaweza kufika kwenye kikundi chenu akitaka kupima ng'ombe wenu. Msimfukuze, wala msikubali tu kwa sababu ana kalamu. Kaeni naye chini, mkubaliane haya:

1. Aonyeshe kibali cha utafiti cha serikali, kinachotolewa na NACOSTI, na barua ya chuo.

2. Aeleze kwa lugha mnayoielewa anatafuta nini, kwa muda gani.

3. Iandikwe nani atalipa ikiwa maziwa yatapungua au ng'ombe ataugua kwa sababu ya majaribio.

4. Mwanachama asiyetaka asilazimishwe, na anayetaka kuacha katikati aache.

5. Aahidi kurudi na matokeo. Tasnifu ikibaki katika kabati la chuo, ng'ombe wa kijiji hanenepi.

Nanyi mna cha kumfundisha. Akina mama wanaokata majani kila asubuhi wanajua ng'ombe anapenda nini na anakataa nini, na ni mti gani unaobaki kijani wakati kila kitu kimekauka. Mwanafunzi mwenye busara huanza utafiti wake hapo.

Na tangu mwaka 2013 huduma za mifugo ziko chini ya kaunti. Wengi wetu tunamwita afisa wa mifugo wakati ng'ombe ni mgonjwa tu. Mwiteni pia kuhusu chakula. Muulizeni ni wapi mnaweza kupeleka nyasi au deri mili ipimwe. Mkiuliza kama kikundi, mtasikika kuliko mtu mmoja.

MASWALI YA KUZUNGUMZA KATIKA KIKUNDI

1. Je, ng'ombe wetu hupewa kilo ngapi za nyasi kwa siku? Wanachama watatu wapime kwa mizani wiki hii, walete majibu.

2. Ni majani gani ya protini yaliyopo hapa kijijini: kaliandra, lusina, desmodiamu, majani ya viazi vitamu? Nani anayo mbegu?

3. Mahindi yakishika ukungu, sisi huyapeleka wapi?

4. Ni kijana gani kati ya watoto wetu anayependa mifugo na kemia? Tumsaidie vipi?

Mungu alimkabidhi binadamu viumbe avitunze. Kutunza ni pamoja na kujua wanakula nini. Tuandikieni mtakayoyapata katika mizani yenu. Tunawatakia kazi njema.