Nani Aliyekimbia? Mkato na kishazi kinachotangulia

Soma sentensi hii: Alipomwona mwalimu alikimbia. Nani alikimbia? Weka mkato baada ya "mwalimu", na aliyekimbia ni mtu mwingine, pengine mwanafunzi mtoro. Uweke baada ya "Alipomwona", na anayetimua mbio ni mwalimu mwenyewe. Hakuna neno lililobadilika.

Kanuni ya shuleni ni fupi: kishazi tegemezi kikitangulia kishazi huru, vitenganishe kwa mkato. Vishazi vinavyoanza kwa ingawa, iwapo, endapo au kwa kuwa havisumbui sana, maana kiunganishi kinaonekana. Lakini Kiswahili mara nyingi huuficha utegemezi ndani ya kitenzi, kwa -po-, -ki-, -nge- au -sipo-. Mwandishi anatafuta kiunganishi, hakioni, basi mkato anausahau.

Uzito wa jambo hili umo katika mpangilio wa maneno. Kitenzi chenye -po- au -ki- kinaweza kumtangulia mtenda wake: alipofika mgeni, akija Asha. Nomino hiyo hujikuta katikati ya vitenzi viwili, na kila kimoja kinaweza kuidai. Mara nyingi upatanisho wa kisarufi hutuokoa. Kilipovunjika kiti mtoto alilia: ki- ni ya kiti, a- ni ya mtoto, na msomaji hapotei hata mkato usipokuwapo. Watu, hata hivyo, wote wamo katika ngeli moja. Mwalimu na mwanafunzi, mke na mume, daktari na mgonjwa, wote ni a- wakiwa mmoja mmoja na wa- wakiwa wengi. Ndiyo maana habari za polisi, za mahakama na za hospitali ndizo zinazodai uangalifu mkubwa zaidi. Hata ujumbe wa simu: Akija, Asha mwambie asubiri si sawa na Akija Asha, mwambie asubiri. Katika wa kwanza Asha ndiye anayeambiwa asubiri, na anayekuja ni mwingine.

Mkato nao una mipaka. Chukua Alipompiga mumewe, alikimbilia kwa jirani. Tumeuweka mahali pake, lakini bado hatujui nani alimpiga mwenzake. Mumewe anaweza kuwa mpigaji, anaweza kuwa mpigwa. Kwa maoni yangu, mhariri hana ruhusa ya kuipitisha sentensi hiyo, kwa sababu mtu anaweza kubebeshwa kosa la mwingine. Aiandike upya: Mumewe alipompiga, mwanamke huyo alikimbilia kwa jirani.

Kishazi tegemezi kikija nyuma, kwa kawaida mkato hauhitajiki: Watoto walirudi nyumbani mvua iliponyesha. Wala usiukate uhusiano wa kitenzi na kwamba kwa kuandika "Alisema, kwamba".

Ila ichunge kwa sababu inapofuata kitenzi kanushi. Hakumwacha kwa sababu ni maskini ina maana mbili: bado wako pamoja, na umaskini wa mwenziwe ndio uliomzuia kuondoka, au aliondoka, ila chanzo si umaskini. Mkato baada ya "Hakumwacha" huielekeza sentensi kwenye maana ya kwanza. Anayetaka ya pili asiutegemee mkato, aseme waziwazi: Alimwacha, lakini si kwa sababu ni maskini.